Alama Sita na Nusu

Mchana nahesabu vigae dukani kwa Kermali, Kariakoo,
boksi kwa boksi. Vilivyopasuka
naviandika kwa wino mwekundu.
Usiku natafuta nyufa nyingine.

Tandika, mama ameshalala.
Mita ya umeme inalia ukata wake:
yuniti mbili na ushee.
Nazima feni. Gemu libaki.

Kalunde, mhariri, anataka maneno mia sita
na alama, moja hadi kumi,
Ijumaa kabla adhana haijalia.
Elfu ishirini na tano, itakuja mwezi ukiandama,
huu au ule mwingine.

“Unalipwa kwa kucheza?” mama aliniuliza, mara moja tu.
Nikamjibu: nalipwa kwa kuacha kucheza
na kusema nimeona nini.
“Haya,” akasema,
ile haya inayofunga mlango bila kugusa komeo.

Gemu la wiki hii lina mji.
Wenyewe wanasema ni mji wa pwani, wa huku kwetu.
Nimeuzunguka kwa muda wa saa kumi na nne
sijakanyaga dimbwi.
Hakuna aliyeniita, “Anti, karibu, bei maelewano.”
Hakuna fundi cherehani chini ya ngazi.
Watu wanapigana vikumbo, hakuna wa kusema pole.
Hakuna harufu pia, ila hilo nawasamehe.

Nikaandika:
mji huu umejengwa na mtu aliyeuona akiwa ndani ya ndege,
tena amesinzia.
Nikaipenda sentensi.
Nikaipenda mno, hadi nikaishuku.
Alama: nne.

Kinachonichosha hasa ni maneno.
Picha zikisuasua, niseme zimeganda?
Zimekwama? Zinavuta miguu?
Watoto wa kibandani wanasema gemu “linakohoa.”
Neno hilo nimelichukua, sijawalipa.

Jumamosi nikalipeleka kwao,
kibanda cha Zamoyoni nyuma ya mashine ya kusaga,
televisheni tatu, moja ina mstari wa kijani
uliokatiza nyuso za wachezaji wote.
Mia tatu, dakika kumi.
Humo watu wanakufa kila saa, wanacheka,
“Nimekufa, shika pedi,”
na unga unatua kwenye nywele za marehemu.

Shomvi, miaka tisa, alikuwa na mia tatu moja.
Kazi aliyopewa ni kumfukuza mwizi.
Hakumfukuza.
Alimpandisha shujaa, na bunduki yake mgongoni,
hadi juu ya paa la ghorofa,
akabonyeza kitufe nisichokijua, kwa saa zangu zote kumi na nne,
shujaa akakaa kitako.

Mbali, mvua ilikuwa inakuja.

“Umekufa?” wenzake wakauliza.
“Sijafa. Nimekaa.”
“Mwizi je?”
“Kaenda zake.”

Dakika kumi nzima.
Mvua ikafika, ikapiga mabati ya wenye mji,
ikateremka ukutani, ikaishia barabarani
bila kumtafuta mtu.
Zamoyoni akagonga meza: muda.
Shomvi akatoa pedi kama anayerudisha sahani ya jirani.
“Mvua yao nzuri,” akasema. “Haiingii ndani.”

Usiku ule sikulifuta dimbwi langu.
Lile la ndege nikalifuta,
na liliniuma.
Nikaandika kuhusu kitufe cha kukaa,
kipo upande wa kushoto, hakitajwi popote;
nikaandika kwamba gemu linakohoa sokoni
lakini juu ya paa linapumua vizuri.

Kalunde akapiga simu.
“Nne imekuwaje sita na nusu?
Sita naielewa. Hiyo nusu ni ya nini?”

Nikatazama dari, pale masika ya mwaka jana
yalipochora duara la rangi ya chai,
na beseni chini yake ambalo hatujaliondoa.

Iache hivyo hivyo, nikamwambia.
Na hela ikitoka
usisahau ya kutolea.